Seva ndogo ya nyumbani: mwongozo kamili wa kuendesha programu huria kwa umeme kidogo

Kompyuta inayotumia wati 10, ikiwashwa saa zote mwaka mzima, hula takribani kilowati-saa 88. Ile ya mezani inayotumia wati 60 hata ikiwa haina kazi hufika 525. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya jambo hili liwezekane nyumbani: kifaa kidogo kisicho na kelele, kimewekwa kando ya ruta, kinahifadhi picha, nywila, nyaraka na vitabu vyako bila kampuni yoyote kukaa katikati.

Programu zenyewe zipo, ni huria, na nyingi zimekomaa. Syncthing, ya kusawazisha faili, ipo tangu 2013; Nextcloud, ya kuhifadhi faili na mengineyo, tangu 2016; Jellyfin, ya kutazama video, tangu mwishoni mwa 2018. Kuzisakinisha kumekuwa rahisi kiasi kwamba mtu anaweza kuwasha huduma kumi kwa siku moja. Ugumu unaanzia hapo, kwa sababu siku diski itakapokufa, zote kumi zitakufa pamoja, na picha za familia zitakwenda nazo. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata kanuni moja tangu mwanzo: usiwashe huduma ya pili kabla hujaijaribu ya kwanza kwa kuifuta na kuirudisha kutoka kwenye nakala rudufu. Karibu kila uamuzi ulio hapa chini umetokana na kanuni hiyo.

## Kuchagua kifaa

Swali la kwanza si kasi ya prosesa. Uliza kifaa kinakula umeme kiasi gani kikiwa kimetulia, maana seva ya nyumbani hutulia sehemu kubwa ya siku. Takwimu ya TDP inayoandikwa kwenye maelezo ya prosesa haijibu swali hilo: inahusu joto prosesa inapofanya kazi kwa nguvu, na haihesabu diski, bodi wala adapta. Kipimo cha kuaminika ni kile kidude kinachochomekwa kati ya soketi na adapta na kuonyesha wati. Kama una rafiki anayekimiliki, kiazime.

Njia tatu zinafaa. Ya kwanza ni Raspberry Pi 4 au 5, kompyuta ndogo ya bodi moja, ambayo ikitulia hutumia wati chache sana, kati ya 3 na 5 hivi. Inataka adapta yake halisi: Pi 4 inahitaji voti 5 na ampea 3, Pi 5 voti 5 na ampea 5 ukitaka kuchomeka diski bila wasiwasi. Chaja ya simu itaiwasha, kisha mashine itaanza kujizima ovyo na utadhani ni programu. Ukishaiwasha, andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa `throttled=0x0`, umeme unatosha. Likiwa lolote jingine, umeme hautoshi au kifaa kimepata joto kupita kiasi; anza na adapta au kebo kabla ya kutafuta mchawi kwingine.

Njia ya pili ni kompyuta ndogo ya x86, yaani yenye aina ya prosesa inayotumika kwenye kompyuta nyingi za kawaida. Zile zenye prosesa ya Intel N100, yenye koa nne na iliyotoka 2023, hutulia kwenye wati 6 hadi 10 na zina uwezo wa kubadilisha video ndani ya chipu yenyewe. Zilizotumika ofisini, kama Lenovo ThinkCentre Tiny, Dell OptiPlex Micro au HP EliteDesk Mini, zinakula umeme zaidi kidogo, ila zimejengwa imara na vipuri vyake hupatikana.

Ya tatu ni laptopu kuukuu uliyonayo tayari. Ina betri ndani, kwa hiyo umeme ukikatika haizimiki. Weka `HandleLidSwitch=ignore` ndani ya `/etc/systemd/logind.conf` ili isilale ukifunga kifuniko. Kagua betri kila mara. Ikianza kuvimba, itoe siku hiyo hiyo. Betri ya lithiamu iliyovimba ni hatari ya moto, na hakuna seva inayostahili hilo.

Ushauri wangu: anayenunua achukue x86 yenye RAM ya gigabaiti 8 au 16, anayeishi kwa umeme wa jua au betri achukue Raspberry Pi, na ambaye hana uhakika kama atalipenda jambo hili aanze na laptopu iliyolala kabatini.

## Diski na umeme

Raspberry Pi huanza na kadi ya SD, na kadi hiyo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Ilibuniwa kwa ajili ya vifaa kama kamera, ambako faili huandikwa mara moja na kukaa. Seva huandika vipande vidogo mfululizo, logi, hifadhidata, faili za muda, na kila seli ya kumbukumbu ina kikomo cha kuandikwa. Tumia SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka. Pi 4 na Pi 5 zote zinaweza kuwaka moja kwa moja kutoka kwenye diski ya USB, na huo ndio uwekezaji wa kwanza wa kufanya. Diski za inchi 3.5 zinazozunguka zinafaa kwa mkusanyiko mkubwa wa video, lakini moja peke yake inaweza kula umeme kuliko Pi nzima.

Umeme unaokatika ghafla huharibu hifadhidata zaidi ya unavyoharibu faili za kawaida. Kifaa cha wati 10 kina faida kubwa hapa, kwa sababu hata betri ndogo inakitosha. Betri ya voti 12 yenye ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Kwa hesabu ya karatasi hizo ni saa nane. Toa upotevu wa kubadilisha umeme na uchakavu wa betri, bado unabaki na saa kadhaa. Ukiwa na UPS (betri ya akiba ya kompyuta) yenye kebo ya USB, programu ya NUT inaweza kuizima seva kwa utaratibu betri inapokaribia kuisha. Kwenye kompyuta za x86, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) na uwashe kipengele kinachoiamuru mashine ijiwashe yenyewe umeme unaporudi. Ni dakika mbili za kazi, na zitakuokoa siku uko safarini.

Unganisha seva na ruta kwa kebo, si kwa Wi-Fi.

## Kusakinisha Debian

Chagua Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Mradi huu upo tangu 1993, matoleo yake hupata marekebisho ya usalama kwa takribani miaka mitano ukijumlisha kipindi cha LTS (msaada wa muda mrefu), na karibu kila mwongozo wa programu huria unaoutaja Linux unaufikiria. Toleo la 13 lilitoka Agosti 2025. Kwenye Raspberry Pi tumia Raspberry Pi OS Lite, ambayo ni Debian iliyofanyiwa marekebisho kwa kifaa hicho.

Pakua faili ndogo ya usakinishaji iitwayo netinst, ihakiki, kisha iandike kwenye flashi:

```
sha256sum -c SHA256SUMS --ignore-missing
```

Katika usakinishaji kuna sehemu mbili za kuwa macho. Unapoulizwa nywila ya root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, iache tupu; Debian itasakinisha sudo, amri ya kutenda kama root, na kumpa mtumiaji wako wa kwanza mamlaka ya kuitumia. Ukifika kwenye orodha ya vifurushi, ondoa alama kwenye mazingira ya dawati, weka kwenye seva ya SSH (njia ya kuiamuru mashine kutoka kompyuta nyingine) na zana za kawaida za mfumo. Seva haihitaji madirisha wala kipanya, na bila hivyo mfumo wote hutumia megabaiti mia chache tu za RAM.

Kabla ya kuendelea, fungua ukurasa wa ruta yako na uipe seva anwani ya kudumu kwa kutumia namba yake ya MAC, ile inayotambulisha kadi yake ya mtandao. Hapa nitatumia 192.168.1.10 kama mfano.

## Kufunga mlango

Kwenye kompyuta unayoitumia kila siku, tengeneza ufunguo wa SSH na uupeleke kwenye seva:

```
ssh-keygen -t ed25519
ssh-copy-id jina@192.168.1.10
```

Ingia kwenye seva, uhakikishe haikuulizi tena nywila ya seva, kisha tengeneza faili `/etc/ssh/sshd_config.d/10-funguo.conf` yenye mistari hii:

```
PasswordAuthentication no
KbdInteractiveAuthentication no
PermitRootLogin no
```

Namba 10 mwanzoni mwa jina ina maana yake. Faili za folda hiyo husomwa kwa mpangilio wa majina, na thamani ya kwanza kusomwa ndiyo inayoshika. Baadhi ya mifumo huja na faili ya 50 inayoruhusu nywila. Hakiki na uwashe upya huduma kwa `sudo sshd -t && sudo systemctl restart ssh`. Usifunge dirisha ulilomo. Fungua la pili, jaribu kuingia, na ukifanikiwa ndipo ulifunge la kwanza.

Mwisho wa hatua hii, ruhusu marekebisho ya usalama yajisakinishe:

```
sudo apt install unattended-upgrades
sudo dpkg-reconfigure unattended-upgrades
```

## Folda moja, kontena nyingi

Hii ndiyo sehemu inayoamua kama seva yako itarudishika au la, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kila huduma iishi ndani ya `/srv`, kila moja kwenye folda yake, na folda hiyo ibebe vitu viwili: faili ya `compose.yaml` inayoeleza jinsi huduma inavyowashwa, na data yake yote. Ukifanya hivyo, kunakili `/srv` ni kunakili kila kitu kinachokuhusu. Mfumo endeshi wenyewe haustahili nakala. Unausakinisha upya kwa nusu saa.

Kama `/srv` iko kwenye diski yake, tafuta UUID (namba ya utambulisho wa diski) kwa `lsblk -f` na uiongeze kwenye `/etc/fstab`:

```
UUID=xxxx-xxxx  /srv  ext4  defaults,noatime,nofail  0  2
```

`noatime` inapunguza kuandika kusiko na lazima, na `nofail` inairuhusu seva iwake hata diski hiyo ikikosekana, ili uweze kuingia kwa SSH na kuangalia kuna nini. Lakini `nofail` ina mtego. Diski isipopatikana, Docker, programu inayoendesha kontena (nitazieleza hapa chini), itawaka, itaikuta `/srv` tupu, na kontena zinazojiwasha zenyewe zitaanza upya kabisa kama siku ya kwanza. Utafungua programu ya picha na kukuta inakuomba uunde akaunti. Data haijapotea, ipo kwenye diski isiyounganishwa, ila mshtuko ni mkubwa, na faili mpya zitaandikwa mahali pasipo pake. Zuia hilo kwa `sudo systemctl edit docker` na kuandika:

```
[Unit]
RequiresMountsFor=/srv
```

Sasa Docker haitaanza bila diski hiyo. Bila shaka Docker yenyewe isakinishwe kwanza. Watengenezaji wake wanatoa skripti. Ipakue, isome, kisha iendeshe:

```
curl -fsSL https://get.docker.com -o get-docker.sh
less get-docker.sh
sudo sh get-docker.sh
```

Kontena ni programu iliyofungashwa pamoja na kila inachohitaji, ikiendeshwa mbali na nyingine zote. Kifurushi inachotokana nacho huitwa imeji. Kwa wenye Raspberry Pi: hakikisha imeji unayoitaka ina toleo la arm64. Nyingi zinazo.

Huduma ya kwanza ninayoipendekeza ni Syncthing, inayosawazisha folda kati ya vifaa vyako. Ni nyepesi, haihitaji jina la domeni, na faida yake unaiona siku hiyo hiyo. Unda folda `/srv/syncthing` na uweke `compose.yaml`:

```
services:
  syncthing:
    image: syncthing/syncthing:latest
    environment:
      - PUID=1000
      - PGID=1000
    volumes:
      - ./data:/var/syncthing
    ports:
      - "127.0.0.1:8384:8384"
      - "22000:22000/tcp"
      - "22000:22000/udp"
    restart: unless-stopped
```

Ukiwa ndani ya folda hiyo andika `sudo docker compose up -d`.

Tazama ule mstari wa 8384, ambao ni poti, yaani mlango wa mtandao, ya ukurasa wa usimamizi. Nimeifunga kwa 127.0.0.1, yaani haionekani popote nje ya seva yenyewe. Sababu ni tabia ya Docker ambayo wengi hawaijui: poti unazozitangaza kwenye `ports` hupita pembeni ya ufw, programu ya ukuta wa moto. Unaweza kuweka ufw, ukaambiwa poti imefungwa, na ikawa wazi kwa mtandao mzima, kwa sababu Docker huandika kanuni zake moja kwa moja kwenye iptables, kanuni za ukuta wa moto za Linux yenyewe. Kwa hiyo ulinzi uwekwe hapa kwenye faili: kila ukurasa wa usimamizi uanze na 127.0.0.1, na ufunguliwe zaidi kwa uamuzi, si kwa kusahau.

Kuufikia ukurasa huo kutoka kwenye kompyuta yako, pitisha kwa SSH:

```
ssh -L 8384:localhost:8384 jina@192.168.1.10
```

Kisha fungua `http://localhost:8384` kwenye kivinjari, na kitu cha kwanza weka nywila. Kwa kuwa matangazo ya mtandao wa ndani hayaingii kwenye kontena, kifaa kingine ukielekeze wewe mwenyewe kwa kuandika `tcp://192.168.1.10:22000` kwenye sehemu ya anwani.

Jambo moja lisikupoteze: kusawazisha si kuhifadhi nakala. Ukifuta faili kwenye kompyuta, Syncthing itaifuta kwenye seva kwa uaminifu ule ule. Washa utunzaji wa matoleo ya zamani kwenye folda iliyo upande wa seva.

## Nakala rudufu, kabla ya huduma ya pili

Diski mbili zilizounganishwa kwa RAID, yaani kama pacha zenye data ile ile, hukulinda dhidi ya diski moja kufa. Hazikulindi dhidi ya faili iliyofutwa, hifadhidata iliyoharibika, radi, mwizi, au amri iliyoandikwa vibaya usiku. Kwa seva ya umeme mdogo, diski ya pili ina thamani kubwa zaidi ikiwa nakala kuliko ikiwa pacha.

Ninatumia restic, programu ya nakala rudufu. Inasimba kila kitu, haihifadhi kipande kilekile mara mbili, na inaweza kuandika kwenye diski ya USB au kwenye mashine nyingine kupitia SFTP. Diski ya nakala iwe imeunganishwa kwenye `/mnt/nakala`. Ingia kama root kwa `sudo -i`, andika nywila ndefu ndani ya `/root/nywila-restic`, ifunge kwa `chmod 600`, kisha:

```
apt install restic
export RESTIC_REPOSITORY=/mnt/nakala/restic
export RESTIC_PASSWORD_FILE=/root/nywila-restic
restic init
```

Nywila hiyo iandike kwenye karatasi na kuiweka mbali na seva. Restic haina mlango wa nyuma. Seva ikiungua pamoja na nywila, nakala yako ni kelele tupu.

Skripti yenyewe, `/usr/local/sbin/nakala`:

```
#!/bin/bash
set -e
export RESTIC_REPOSITORY=/mnt/nakala/restic
export RESTIC_PASSWORD_FILE=/root/nywila-restic
F=/srv/syncthing/compose.yaml
mountpoint -q /mnt/nakala
trap 'docker compose -f $F start' EXIT
docker compose -f $F stop
restic backup /srv
restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --keep-monthly 6 --prune
```

Huduma inasimamishwa wakati wa kunakili ili hifadhidata isinakiliwe katikati ya kuandika. Nakala ya namna hiyo huonekana nzima mpaka siku ya kuihitaji. Mstari wa `trap` unahakikisha inawashwa tena hata nakala ikishindikana. Huduma zikiongezeka, ongeza faili zake kwenye orodha ya kusimamishwa. Zile zinazotumia PostgreSQL zinaweza kuendelea kufanya kazi ukitoa data kwa `pg_dump` kwanza na kunakili faili inayotoka. Ipe skripti ruhusa kwa `chmod +x`, kisha ipangie ijiendeshe kila usiku kwa `crontab -e`:

```
30 3 * * * /usr/local/sbin/nakala
```

Sasa jaribio lenyewe. Endesha skripti mara moja kwa mkono, kisha, bado ukiwa root na thamani mbili za restic zikiwa zimewekwa:

```
cd /srv
docker compose -f syncthing/compose.yaml down
mv syncthing syncthing-zamani
restic restore latest --target / --include /srv/syncthing
docker compose -f syncthing/compose.yaml up -d
```

Fungua ukurasa wa Syncthing. Vifaa vipo? Folda zipo? Mmiliki wa faili ni yule yule? Kama ndiyo, futa `syncthing-zamani` na uendelee. Kama hapana, umepata tatizo kwa wakati mzuri kuliko wote, ukiwa na data asili mkononi. Endesha pia `restic check` mara moja kwa mwezi. Na diski nyingine yenye nakala ikae nyumba nyingine. Moto na mwizi havichagui.

## Kuifikia ukiwa mbali

Usifungue poti za huduma zako kwenye ruta. Programu za skani hupita kwenye anwani zote za IPv4 duniani mfululizo, na ukurasa wako wa kuingilia utagundulika upesi. Njia bora ni mlango mmoja tu, WireGuard, programu ya VPN (njia ya siri kati ya vifaa vyako), ambayo imo ndani ya Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020. Haijibu kitu kwa asiye na ufunguo sahihi, kwa hiyo anayeskani haoni hata kwamba ipo.

Kwanza angalia kama una anwani yako ya umma. Linganisha anwani ya nje inayoonyeshwa na ruta na ile inayoonyeshwa na tovuti ya kuangalia IP. Zikitofautiana, au ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hakuna poti utakayoweza kufungua. Ruka aya mbili zinazofuata.

Sakinisha `wireguard`, tengeneza funguo kwa `wg genkey | tee siri | wg pubkey > umma` kwa kila kifaa, na kwenye seva andika `/etc/wireguard/wg0.conf`:

```
[Interface]
Address = 10.8.0.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = (ufunguo wa siri wa seva)

[Peer]
PublicKey = (ufunguo wa umma wa simu)
AllowedIPs = 10.8.0.2/32
```

Iwashe kwa `systemctl enable --now wg-quick@wg0`, na kwenye ruta elekeza poti 51820 ya UDP kwa 192.168.1.10. Upande wa simu, `AllowedIPs` iwe `10.8.0.0/24`, ili mawasiliano ya seva peke yake yapite humo na mengine yaende njia yake ya kawaida. Ongeza `PersistentKeepalive = 25`. Programu ya `qrencode` inageuza mpangilio wa simu kuwa picha ya kuskani.

Uliye nyuma ya anwani ya pamoja una njia ya Tailscale, inayojengwa juu ya WireGuard na kutoboa vizuizi hivyo yenyewe. Seva yake ya uratibu si huria. Anayetaka kila kitu kiwe chake aendeshe Headscale kwenye seva ndogo ya kukodi yenye anwani ya umma.

Huduma zinazohitaji HTTPS, kwa mfano Vaultwarden ya kutunza nywila, ziweke nyuma ya Caddy, programu inayopokea maombi ya kivinjari na kuyapitisha kwa huduma husika. Mpangilio wake ni mfupi:

```
nywila.example.org {
    reverse_proxy 127.0.0.1:8080
}
```

Caddy huomba cheti kwa Let's Encrypt na kukihuisha yenyewe. Kwa seva isiyoonekana kutoka nje, tumia uthibitisho wa DNS (kupitia rekodi za jina la domeni), au ongeza `tls internal` na kusakinisha cheti chake cha mizizi kwenye vifaa vyako. Mpangilio huu unachukulia kwamba Caddy imesakinishwa kwa apt kwenye seva yenyewe, nje ya Docker.

## Nini cha kuongeza, nini cha kuacha

Vaultwarden ndiyo ya pili katika orodha yangu. Inahudumia programu zote za Bitwarden na hutumia RAM kidogo ajabu, kwa sababu imeandikwa kwa Rust na haibebi hifadhidata nzito. Kwa picha za simu, Immich haina mpinzani, ila utambuzi wake wa nyuso unataka nguvu. Iwe na gigabaiti 8, au uzime sehemu ya akili bandia kwenye mashine ndogo. Kiwix inakuwezesha kuwa na Wikipedia nzima bila intaneti, jambo la thamani popote mtandao unapoyumba, na karibu haitumii prosesa.

Jellyfin inategemea kifaa. Ikituma video kama ilivyo, hata Pi inatosha. Ikilazimika kuibadilisha ili televisheni iielewe, N100 itafanya kwa chipu yake ya video, lakini Pi 5 haina kisimbaji cha video cha maunzi na itahema. Nextcloud hufanya mengi, na uzito wake ni kwa kadiri hiyo. Kama unachotaka ni faili tu, Syncthing inakutosha.

Pi-hole na AdGuard Home huzuia matangazo kwa nyumba nzima kwa kujibu maswali ya DNS, yale ambayo vifaa huuliza ili kupata anwani za tovuti. Ni nzuri, lakini zisiwe za mwanzo. Siku seva itakapokuwa imezimwa, nyumba nzima itasema intaneti imekatika, na watakuwa sahihi. Subiri mpaka mashine imekaa miezi bila kuyumba.

Barua pepe usiiendeshe nyumbani. Watoa huduma wengi hufunga poti 25 inayotumiwa kutuma barua, anwani za majumbani zina sifa mbaya kwa wapokeaji wakubwa, na barua zako zitaishia kwenye taka bila wewe kujua.

## Matunzo

Tenga saa moja kila mwezi. Soma maelezo ya toleo jipya la kila huduma kabla ya kusasisha, hasa Immich na Nextcloud. Nextcloud hairuhusu kuruka toleo kuu; kutoka 29 unapita 30 kwanza ndipo 31. Kwa huduma za namna hiyo andika namba ya toleo kwenye `compose.yaml` badala ya `latest`, ili uamuzi wa kupanda ubaki kwako. Chukua nakala, kisha:

```
sudo docker compose pull
sudo docker compose up -d
sudo docker image prune
```

Angalia nafasi kwa `df -h`. Diski iliyojaa husababisha makosa ya ajabu kuliko hitilafu yoyote. Kwenye `/etc/systemd/journald.conf` weka `SystemMaxUse=200M` ili logi zisimeze diski. Sakinisha `smartmontools` na usome `smartctl -a` ya kila diski: sekta zilizohamishwa zikianza kuongezeka kutoka mwezi hadi mwezi, nunua nyingine sasa. Mwenye x86 ajaribu pia `powertop --auto-tune` na kupima kabla na baada. Mara nyingine wati moja au mbili hupungua, ingawa kipanya au diski ya USB inaweza kusinzia isivyotakiwa, na hapo unairudisha ilivyokuwa.

Halafu andika `/srv/SOMA.txt`. Iwe na anwani ya seva, jina la mtumiaji, huduma zinazoendeshwa, diski ya nakala iko wapi, na amri tano za kurudisha kama ulivyozijaribu. Ichapishe, na nakala moja uiweke pamoja na nywila ya restic kwa mtu mwingine wa nyumbani, ambaye umeshamwonyesha angalau mara moja jinsi ya kuichomeka ile diski kwenye kompyuta nyingine yenye Linux na kuzitoa picha.